Alisikia kila kitu, akashindwa kusogeza kidole

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda karibu na Kibaigwa, akaumia kichwa na kuvunjika paja. Hospitalini alichomwa sindano mbili, akawekewa mpira wa kupumulia. Alipotolewa mpira alisema kuna wakati aliwasikia wauguzi wakiongea na mkanda wa presha ukimbana mkono, ila hakuweza hata kufumbua macho. Ndugu wanasema aliota. Ni kweli?
Dada wa mgonjwa, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, dada. Mwambieni kijana mnamwamini, maana jambo hilo hutokea.

Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Ya pili hulegeza misuli yote, hata ya kupumulia, ili mpira upite bila mgonjwa kukaza taya wala kukohoa. Haileti usingizi, haitulizi maumivu.

Kwa majeruhi aliyevuja damu, dawa ya usingizi ninayochagua mimi ni ketamini, tena kwa dozi ndogo, kwa sababu propofoli, dawa nyingine ya usingizi, huweza kuiporomosha presha. Zamani ketamini ilikatazwa kwa walioumia kichwa. Siku hizi hofu hiyo imepungua sana.

Ya kulegeza ndiyo yenye mtego. Suksametoniamu hushika ndani ya dakika moja na kuisha baada ya dakika 5 hadi 10. Lakini hupandisha potasiamu, yaani madini fulani ya kwenye damu, hivyo aliyeungua siku kadhaa zilizopita, au mwenye figo zilizofeli na potasiamu iliyo juu tayari, anaweza kusimama moyo. Tena inataka friji. Rokuroniamu kwa dozi kubwa nayo hushika upesi, ila hudumu saa nzima au zaidi. Ketamini ya sindano moja hulaza dakika 10 hadi 20 tu. Isipoongezwa, mgonjwa anaamka na mwili bado umefungwa. Huenda ndicho kilichompata mdogo wako.

Ndiyo maana nawasisitizia vijana wangu: dawa ya kuendeleza usingizi iwe imeshavutwa kwenye bomba kabla hujafungua kinywa cha mgonjwa. Mpira ukishakaa kila mhudumu hushusha pumzi, na hapo ndipo watu husahau. Mapigo yakipanda na machozi yakitoka, usiseme ametulia.

Rudini hospitali mliyotibiwa, mwombe kuonana na timu ya usingizi, iandikwe kwenye faili lake. Paja likihitaji upasuaji mwingine, watajua. Akishtuka usiku au kuogopa kulala, mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili. Mirembe ipo hapa hapa Dodoma, jina lisiwatishe.