Daktari bingwa au mkunga? Nionyeshe kwanza kadi yako

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 23, mimba yangu ya kwanza, miezi mitano sasa, naishi Konde, Pemba. Kliniki ya kwetu anapima mkunga tu. Mume wangu anataka nivuke Unguja kila mwezi kwa daktari bingwa, awe mwanamke, anipige utrasaundi. Mavyaa anasema pesa hizo za nini, yupo bibi aliyemzalisha yeye watoto saba. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Hiyo "mkunga tu" imenifanya niache chai ipoe. Neno letu moja linatuponza: mkunga tunamwita bibi aliyejifunza uani kwa mamake, na mkunga tunamwita muuguzi aliyesomea chuoni akapata leseni. Aliyeko kliniki kwenu ni huyu wa pili. Mimba ikienda salama, anakutosha tangu mwanzo hadi unamnyonyesha mtoto. Ukija kwangu na mimba isiyo na tatizo nitafanya yaleyale anayofanya yeye, tena mbiombio, maana nje kuna foleni. Na mumeo akitaka mwanamke, wakunga wetu wengi ni wanawake.

Bingwa ni wa mwenye kovu la operesheni, mwenye mapacha, mwenye sukari au presha ya tangu zamani, mwenye selimundu, ambaye kondo la nyuma limemziba njia, ambaye mtoto katanguliza matako na siku zimekaribia. Hao hata mkunga wako hawang'ang'anii, anawaandikia rufaa.

Sasa hilo la utrasaundi, ambalo kila wiki linanipandisha presha mimi mwenyewe. Watu wamefanya picha ndiyo kliniki. Mwaka jana aliletwa dada mmoja, mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli. Mumewe kashika bahasha, ndani mna picha sita, zote alizipiga kwenye chumba kimoja cha kulipia ambapo kila akienda anaambiwa mtoto mzima, wa kiume, hongera. Nikaomba kadi. Safu ya presha tupu. Safu ya mkojo tupu. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni hata ikabidi tuikate. Tulipompima, 170 kwa 110, na protini tele kwenye mkojo. Picha sita, na hakuna aliyemfunga mkanda wa presha mkononi hata siku moja! Alhamdulillahi yeye na mwanawe wapo, lakini mtoto alizaliwa kabla ya siku zake.

Utrasaundi haioni presha. Haioni damu iliyopungua wala mkojo mchafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonwe mara 8, na katika hizo utrasaundi ni moja, kabla ya wiki ya 24. Wewe bado hujachelewa, kaipige hiyo moja hukohuko Pemba, inatosha kama haikuonyesha jambo. Presha ndiyo ya kupimwa kila unapokwenda, hasa wewe wa mimba ya kwanza, kwa sababu kifafa cha mimba kinawapenda sana wa mimba ya kwanza. Ikifika 140 kwa 90, mkunga hakuachi urudi nyumbani hivihivi.

Na kifafa hicho ndicho watu wanachokiita sheitani. Mwanamke anakakamaa, povu linamtoka, anaitiwa mganga, ubani unafukizwa, saa zinakwenda. Dawa yake ni sindano ya magniziamu, mtoto atolewe. Kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, silikatazi, nami nimelelewa nalo, lakini asiye na fahamu msimmiminie kitu mdomoni, kinaingia mapafuni.

Bibi wa mavyaa nae mpe heshima yake. Akukande mgongo, akusomee dua, akae nawe wodini akiruhusiwa. Ila kuzalia kwake hapana. Damu ikimwagika baada ya mtoto kutoka, hana sindano ya kuizuia, na kutoka Konde usiku hadi penye chumba cha operesheni ni mwendo, gari yenyewe haijapatikana. Panga gari na nauli sasa, si siku ya uchungu.

Jambo la mwisho, na hili si lako peke yako. Chai ya mdalasini kikombe kimoja sigombani nayo. Nagombana na ile mizizi ya kuharakisha uchungu, na vile vidonge vinavyouzwa chini kwa chini madukani kwa kazi hiyohiyo. Kizazi kikishabanwa kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, hakiachii, mtoto anakosa hewa, na mwenye kovu la operesheni kizazi kinaweza kupasuka. Anayekuuzia anakwambia "utazaa kabla ya alfajiri". Adhuhuri anayekushona ni mimi, yeye haonekani.

Kama mtu keshakunywa, akifika wodini aseme, hata kwa kumnong'oneza mkunga. Hatutamgombeza. Tukijua, hatumtundikii dripu ya uchungu juu ya ule mzizi.