Acheni "zoezi", andikeni kitenzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mwenzangu tumeandika maktaba ndogo ya programu, yaani msimbo ambao waandishi wengine wanaweza kuutumia ndani ya programu zao. Kazi yake ni kuhifadhi data na kuibana ili isijaze simu ya mtu. Sasa tunaiandikia maelezo kwa Kiswahili, maana vijana wengi wanaoanza kujifunza programu wanakwama kwenye lugha kabla hawajafika kwenye kazi yenyewe. Mwenzangu anataka tuandike "kukandamiza data", mimi nataka "kubana data". Nani kapatia? Nimeambatanisha aya ya kwanza. Aliiandika yeye, mimi nimebadilisha neno hilo tu.
Msomaji, Kijitonyama, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umepatia wewe, na mwenzako akubali yaishe.

Kukandamiza ni kukishikilia kitu chini kwa nguvu kisiinuke. Ndiyo maana tunasema wanyonge wanakandamizwa na haki inakandamizwa. Kubana ni kukaza vitu vikae katika nafasi ndogo, na kila aliyewahi kupanda daladala ya Mbagala asubuhi analijua neno hili kwa mbavu zake. Konda anaposema "tubanane jamani, nyuma kuna nafasi", watu wanabanana, na wakifika Kariakoo wanashuka walewale na mizigo yao ileile. Maktaba yenu inaifanyia data hivyohivyo. Tena "bana" lina mwenzake wa kurudi, "banua", kama funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Hamna haja ya kubuni neno la kuirudisha data ilivyokuwa, lugha ilishaliweka. "Kandamiza" halina kinyume cha namna hiyo, na hilo peke yake lingetosha kuliondoa kwenye mashindano.

Neno hili linaendana pia na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Abraham Lempel na Jacob Ziv walionyesha mwaka 1977 kwamba maneno yanayojirudia hayana haja ya kuandikwa upya kila mara: unaandika mara ya kwanza, kisha kila yanapotokea tena unaweka alama inayosema rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa. Mbinu ya kubana iitwayo Deflate, ya Phil Katz, iliunganisha wazo hilo na lile la David Huffman la mwaka 1952, la kuzipa alama zinazotokea mara nyingi nafasi ndogo kuliko zinazotokea mara chache. Hakuna kinachotupwa. Ukibanua, unapata kila herufi mahali pake. Picha ya JPEG ni habari nyingine, kwa sababu pale baadhi ya vitu vinaachwa na havirudi tena. Hapo andikeni "hupunguza", msiseme "hubana" peke yake, mtu asije akadhani atavipata vilivyoachwa.

Kuhusu "maktaba" msiwe na wasiwasi. Ni la mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa kitabu, katibu na mkataba, limeshazoea kazi nyingi, na hii litaimudu.

Swali lako limekwisha hapo. Iliyoninyima raha ni aya. Ninainakili kama mlivyoileta:

"Maktaba hii ni kwa ajili ya kuweza kufanikisha zoezi zima la ubanaji wa data pamoja na uhifadhi wake. Baada ya kukamilika kwa zoezi la ubanaji, ufutaji wa faili la awali unafanyika. Endapo kutatokea changamoto yoyote, taarifa inaweza kutolewa."

Mmegombana juu ya neno moja, mkaacha aya nzima inaungua.

Tuanze na hilo "zoezi". Limetoka kwenye "zoea". Unazoea, unamzoeza mwenzako, na kinachomzoeza ni zoezi. Mwanafunzi ana daftari la mazoezi, timu inafanya mazoezi kabla ya mechi, mwanajeshi anafanya zoezi la kulenga shabaha. Kote humo zoezi ni kile unachofanya kabla ya kazi ili siku ya kazi usishindwe. Sasa washeni redio, fungueni gazeti, sikilizeni mkutano wowote wa hadhara nchini. Zoezi la kupiga kura. Zoezi la uandikishaji. Zoezi la usafi. Mwaka 2019 tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, lilikuwa "zoezi la usajili". Agosti 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120, na kwa wiki nyingi hakuna aliyesema "sensa" bila kutanguliza "zoezi la". Sensa ni sensa! Neno limetimia, lina kazi yake, lina uzito wake, halihitaji kushikwa mkono na "zoezi" ili livuke barabara.

Lakini lile linaloniumiza hasa ni "zoezi la uokoaji". Novemba 16, 2024, jengo lilipoporomoka Kariakoo, watu walikuwa hai chini ya vifusi, wengine wanapiga simu kutoka humo ndani. Juu yao kulikuwa na askari, wafanyabiashara, wabeba mizigo, watu wanachimbua kwa mikono. Nasi tukaambiwa "zoezi la uokoaji linaendelea". Zoezi? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mazoezi ya kweli: wanawakusanya watu ofisini au shuleni, wanapiga king'ora, wanawafundisha kutoka nje bila kukanyagana. Hilo ni zoezi la uokoaji, kwa maana halisi ya maneno yote mawili, na siku hiyo hakuna aliye hatarini. Kariakoo watu walikuwa wanaokolewa. Tukilitumia neno moja kwa siku ya kujifunza na siku ya kufa na kupona, tutakapohitaji kuzitofautisha siku hizo mbili tutalipata wapi neno la kutusaidia? Kusema "waokoaji wanaendelea kuwatoa watu" kulikuwa na ugumu gani? Sentensi hiyo ina watu wanaookoa na watu wanaookolewa. Ile nyingine haina mtu hata mmoja. Ina zoezi, nalo linaendelea lenyewe.

Na hapo ndipo habari hii inapowahusu ninyi wenye programu kuliko mnavyofikiri. Katika kazi yenu kuna jaribio na kuna kazi yenyewe. Mtu anajaribu maktaba kwenye faili la mfano, kisha anaitumia kwenye hesabu za duka lake. Akisoma "zoezi la ubanaji", ana haki ya kuuliza kama mnazungumzia jaribio au data yake ya kweli. Neno mliloliweka linampa jibu lisilo sahihi.

Ubaya wa "zoezi" haukai peke yake. Likishaingia linadai jina nyuma yake, na jina hilo lazima litengenezwe kwa kukiua kitenzi. Bana inageuka ubanaji, futa inageuka ufutaji, hifadhi inageuka uhifadhi. Kisha majina hayo hayawezi kutembea, kwa hiyo anaitwa "kufanyika" aje ayabebe. "Ufutaji wa faili la awali unafanyika." Unafanywa na nani? Ninauliza kwa dhati, kwa sababu nimesoma aya yenu mara kadhaa na sijapata jibu. Maktaba inafuta yenyewe? Au mnamwambia mtumiaji afute? Nani ana hilo faili sasa?

Msidhani ninatafuta makosa ya kitabuni. Gzip, programu ya kubana iliyotoka mwaka 1992, ikimaliza kubana faili inaliondoa la awali na kukuachia lililobanwa, isipokuwa ukiiambia iache. Zstd, iliyoandikwa na Yann Collet na kutolewa na Facebook mwaka 2016, inafanya kinyume: inaliacha la awali mahali pake mpaka uiamuru kulifuta. Programu mbili zinazofanya kazi ya aina moja, desturi mbili zinazopingana. Msomaji wenu anaweza kuwa ametoka kwenye yoyote kati ya hizo. Aliyetoka kwenye zstd atasoma "ufutaji unafanyika", ataona hakuna aliyetajwa, ataamini faili lake lipo. Kama halipo, mmempotezea kazi kwa sentensi.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kina kila kifaa cha kuandikia maelezo ya namna hii, nanyi mmekiacha kabatini. Chukueni kitenzi kimoja tu. "Inalibana": nani, lini, nini, kufanywaje, vyote katika neno moja. "Halijabanwa": bado, lakini linasubiriwa. "Lisipobanwa": hilo ni sharti, na msomaji anajua kuna jambo litafuata. Kisha kuna tofauti ambayo mwandishi wa programu angepaswa kuibusu. "Faili likibanwa, lifute la awali." "Faili likishabanwa, lifute la awali." Ile -ki- ya kwanza inaruhusu mambo mawili kwenda pamoja: linabanwa huku unafuta. Ile -kisha- inakuzuia mpaka kubana kumalizike. Umeme ukikatika katikati, wa kwanza hana faili hata moja, wa pili analo la awali zima. Silabi moja, na ndiyo inayolinda data ya mtu! "Baada ya kukamilika kwa zoezi la ubanaji" ni maneno saba yanayojaribu kufanya kazi ya hiyo "-sha-", tena yanaifanya kwa kuhema.

Angalieni hata wenzenu waliotangulia. Zlib, maktaba ya Jean-loup Gailly na Mark Adler iliyotoka mwaka 1995, ambayo hadi leo imo ndani ya programu zisizohesabika, imezipa fankisheni zake kuu (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina kufanya kazi fulani) majina yaliyojengwa kwa vitenzi: bana, banua, soma, andika, funga, kwa lugha yao. Hakuna fankisheni iliyoitwa "zoezi la ufungaji". Nanyi nina hakika ndani ya programu yenu mmeandika hivyohivyo, kwa vitenzi, kwa sababu ndiyo desturi ya waandishi wa programu. Basi mpeni binadamu heshima hiyohiyo mnayoipa mashine.

"Kuweza" nitalipitia haraka. "Kwa ajili ya kuweza kufanikisha" ina vitenzi viwili visivyofanya lolote. Maktaba inabana au haibani? Mbaya zaidi ni ile ya mwisho, "taarifa inaweza kutolewa". Inaweza, kwa hiyo inaweza pia isitolewe? Wanaoandika kanuni za intaneti waliliona tatizo hili, na mwaka 1997 wakatoa waraka unaojulikana kama RFC 2119, ambao kazi yake yote ni kueleza lini useme lazima, lini useme inapasa na lini useme inaweza. "Inaweza" ina mahali pake halali. Picha ya JPEG imeshapunguzwa na kubanwa tayari. Ukiibana tena, faili linaweza kuongezeka kidogo badala ya kupungua. Hapo mmesema kweli, na mwelezeni mtumiaji mapema. Lakini makosa yakitokea, maktaba inatoa taarifa au haitoi. Amueni, kisha andikeni.

Na hiyo "changamoto" si kosa wala hitilafu. Nafasi imejaa, faili limeharibika, ruhusa imekosekana: kila moja ina jina lake na dawa yake. Mtu aliyepoteza mahesabu ya mwezi mzima hana changamoto.

Kuna mengine nayaachia. "Data" wengine wanaiandika "hii", wengine "hizi". Zote zinasikika mitaani, chagueni moja mdumu nayo mpaka mwisho. "Faili" na "fankisheni" ni maneno ya kukopa, yameshakaa, sina ugomvi nayo. Hata "zoezi la usafi" la Jumamosi nimechoka kulipigia kelele. Wanaofagia mtaa wakiliita hivyo nitachukua ufagio nijiunge nao. Katika maelezo ya programu inayoshika data ya watu sitalegeza.

Aya yenu ningeiandika hivi, kwa kudhani kwamba maktaba hailifuti faili la awali:

"Maktaba hii inabana data na kuihifadhi katika faili moja. Ukiiita, inasoma faili lako, inaandika jipya lililobanwa, na la awali inaliacha kama lilivyo. Jipya likishaandikwa lote, unaweza kulifuta la awali mwenyewe. Nafasi ikiisha katikati, maktaba inasimama, inaondoa faili ambalo halijakamilika, na inakurudishia kosa linalosema nafasi imeisha."

Kama inalifuta, badilisheni sentensi ya pili na ya tatu, na muiweke habari hiyo juu kabisa, kabla ya mfano wa kwanza. Sehemu ya kubanua hamkuniletea. Iandikeni kwa mtindo huu, mseme wazi inachofanya ikikuta faili limeharibika, kisha mnitumie niisome.