Niliacha dawa kimyakimya

Mwezi wa pili tangu nianze dawa ya lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kifungo cha shati kilikuwa kinaning'inia. Nikalowesha ncha ya uzi, nikajaribu mara tano, sita. Vidole vinatetemeka, uzi unapita pembeni ya tundu. Nikaiweka sindano mezani nikalia. Wiki hiyohiyo nikaacha dawa, na sikumwambia mtu.

Siku za mwanzo nilijiona nimepona. Mikono ikatulia, kiu ikapungua, sikuamka tena usiku kwenda chooni. Kisha nikawa nalala masaa matatu tu na kuamka na nguvu tele, maneno hayaishi mdomoni. Dada yangu ndiye aliyeshtuka. Kuacha lithiamu ghafla kunaweza kuirudisha upesi mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, na kwangu ilirudi.

Kuyachukia maudhi ya dawa si kosa, yanachosha kweli. Nilichokosea ni kuyanyamazia. Niliporudi kliniki nilikwenda na daftari: saa niliyomeza dawa, mikono ilitetemeka lini, nimeamka mara ngapi. Daktari akapata pa kushika. Damu ilipimwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kiwango cha lithiamu kikaonekana kimezidi kidogo, dozi ikapunguzwa. Mtetemo haujaisha wote, ila uzi sasa naupitisha.

Jambo moja tafadhali usilichukulie kirahisi. Ukianza kutapika au kuharisha, mikono ikatetemeka kwa nguvu, ukapepesuka, ulimi ukawa mzito, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda lithiamu imezidi mwilini. Maji yakipungua mwilini kiwango chake hupanda, kwa hiyo kunywa maji mara kwa mara na usipunguze chumvi ghafla. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo hukipandisha. Mimi kila ninaponunua dawa ya maumivu hutaja kwanza kwamba natumia lithiamu, hata foleni ikiwa ndefu nyuma yangu. Vipimo vya figo na tezi ya shingo navyo sivikosi.

Uzito bado unanisumbua. Nimeongezeka kilo 6, na zamani ningeona aibu kulisema hilo mbele ya daktari. Nimeliandika kwenye ukurasa wa juu kabisa wa daftari, tutaanza nalo kliniki ijayo.