Jibu: Kwa nini leptini hupanda figo zinapodhoofika

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mgonjwa wa figo aliyekonda awe na leptini nyingi katika damu, ilhali homoni hiyo hutengenezwa na mafuta ya mwili. Sababu kubwa ni kwamba figo ndizo huiondoa: leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ni protini ndogo inayopita kwenye vichujio vya figo na kuvunjwavunjwa ndani ya vijifereji vyake, hivyo uchujaji unapopungua hujilimbikiza hata kama mafuta hayajaongezeka. Adiponektini, homoni nyingine inayotengenezwa na mafuta ya mwili, nayo hupanda, na hapa tuwe waangalifu sana, kwa kuwa kwa mtu mwenye figo nzima kiwango chake kikubwa huendana na wembamba, lakini kwa mgonjwa hakiwezi kusomwa hivyo. Vipimo hivi visitafsiriwe bila kuangalia kreatinini, yaani taka ya misuli katika damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja.