Mazingira ya Kujengea Programu: Mwanafunzi Mpya Aanze na Vichache Anavyovijua

Kila Jumamosi mchana, kwa miaka sita sasa, mimi huketi na vijana wanaoanza kujifunza kuandika programu, katika chumba tulichopanga hapa Arua, Uganda. Nikiulizwa wengi wao hukata tamaa wapi, sitasema ni kwenye hesabu wala kwenye mantiki ya programu. Hukata tamaa siku ya kwanza au ya pili, pale kompyuta inapokataa kujenga programu ya mistari mitano isiyo na kosa lolote, na kijana akarudi nyumbani akiamini kuwa kichwa chake ndicho kizito. Jambo hili huniuma, kwa sababu mara nyingi kosa halimo katika alichoandika. Limo katika namna mashine yake ilivyoandaliwa, na aliyeiandaa ni mtu mwingine aliyebofya haraka haraka kisha akaenda zake.

Ushauri wangu ni kwamba mazingira ya mwanzo yawe madogo kiasi cha mwanafunzi kuweza kutaja kila kilichomo na kazi yake, na aweze kuyajenga upya kwa mikono yake mwenyewe hata pasipo intaneti. Kwa anayeanza na lugha ya C, anahitaji kihariri cha kuandikia, kompaila ya gcc (inayogeuza alichoandika kuwa programu ambayo mashine inaweza kuiendesha), programu ya make ya kuendesha ujenzi huo, na terminali ya kutolea amri. Naanza na C, ingawa Python ni lugha nzuri, kwa kuwa C humfunulia mwanafunzi hatua ambazo lugha nyingine humfichia, na anayezijua hatua hizo hahangaiki sana akihamia kwingine.

Wengi huja wakiwa wameambiwa na ndugu au rafiki waweke Android Studio kwanza, kwa sababu wanatamani kutengeneza programu za simu. Watengenezaji wake wenyewe wanataka RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, ilhali kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazotufikia kutoka Kampala zina 4. Upakuaji wake unazidi gigabaiti moja, na mradi wa kwanza ukifunguliwa, Gradle, chombo chake cha ujenzi, huanza kupakua vitu vingine ambavyo mwanafunzi hakuviomba wala havijui. Bando ni fedha. Tangu Julai 2021 intaneti hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, mbali na kodi ya ongezeko la thamani, na kijana anayenunua bando kwa fedha ya chakula cha mchana hawezi kulipia upakuaji unaokatika katikati mara tatu. Programu za simu zitakuja. Mtu huanza na jiko analoweza kulipatia kuni.

Kwa mashine za namna hiyo nashauri Xubuntu, ambayo ni Ubuntu (mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kama Windows ilivyo) yenye sura nyepesi, katika toleo la huduma ya muda mrefu kama lile la 24.04 lililotoka Aprili 2024, na kikundi kizima kitumie toleo hilo hilo. Baada ya sudo apt-get update, amri moja inatosha: sudo apt-get install build-essential. Hapo huingia gcc, make na faili za msingi za lugha ya C kwa pamoja. Zote mbili, apt-get na apt, ni amri za kusakinishia programu. Nimeandika apt-get kwa makusudi badala ya apt, kwa sababu apt hufuta vifurushi, yaani faili za .deb zenye programu, ilivyopakua mara inapomaliza kuvisakinisha, lakini apt-get huviacha katika folda ya /var/cache/apt/archives. Vinakiliwe kutoka hapo hadi kwenye flashi, vipelekwe kwenye mashine nyingine ya toleo lile lile, kisha ndani ya folda hiyo itolewe amri ya sudo dpkg -i *.deb. Kwa njia hii bando la mtu mmoja limewahi kuwahudumia vijana kumi na wawili. Hii ndiyo sababu ninasisitiza toleo moja kwa wote, kwa maana matoleo yakichanganyika, vifurushi vya mmoja havimfai mwenzake.

Anayelazimika kubaki na Windows anaweza kutumia MSYS2, inayomletea gcc na make ndani ya Windows, nayo hufanya kazi vizuri. Ila ajue kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11.

Mara gcc inapoingia, isijaribiwe kwa programu kubwa. Andika faili la salamu.c lenye mistari mitano tu, kisha toa amri ya gcc -Wall salamu.c -o salamu, halafu ./salamu. Ikisalimu, rudia amri ile ukiongeza -save-temps, na utazame faili zilizozaliwa kwenye folda: moja lina msimbo wako pamoja na yote yaliyovutwa na zile alama za include, la pili lina lugha ya asembli, iliyo karibu na ya mashine, la tatu lina maneno ya mashine yenyewe. Mwanafunzi aliyeyaona mafaili haya kwa macho yake, akayafungua mawili ya kwanza na kushangaa, huelewa baadaye kwa nini makosa ya ujenzi si ya aina moja. Kompaila ikisema haioni faili la sqlite3.h, tatizo ni kwamba faili la vichwa, lile linalotangaza funksheni za maktaba, halimo katika mashine, na kwenye Ubuntu faili hizo hukaa katika vifurushi ambavyo majina yao huishia na -dev, kwa hiyo kinachotakiwa ni libsqlite3-dev. Lakini ikiwa msimbo umepita na lawama inatoka kwa kiunganishi, kile kinachounganisha vipande kuwa programu moja, kwamba kuna funksheni iliyotajwa isiyopatikana popote, basi maktaba, yaani mkusanyo wa funksheni zilizoandikwa tayari, haikutajwa mwishoni mwa amri. Kwa mfano, anayetumia sqrt huongeza -lm, tena baada ya jina la faili lake. Nimeona vijana wakifuta na kuandika upya msimbo mzuri kwa siku mbili kwa kutokujua tofauti hii.

Sasa nieleze kisa kilichonifundisha mimi mwenyewe kuwa mazingira hayaishii kwenye programu zilizosakinishwa. Binti mmoja alikuwa ameandika programu ya kukokotoa bei za samaki wakavu ambao mama yake huuza sokoni. Mashine yake ilikuwa ya mtumba, yenye Windows 10 na MSYS2, na Alhamisi programu ilijengwa bila shida. Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi, akawasha kompyuta, akabadilisha bei ya kilo moja, akahifadhi, akaandika make. Make ikajibu kwamba programu iko sawa na hakuna cha kufanya. Akaiendesha, bei ikatoka ile ile ya zamani. “Mwalimu, nimebadilisha, lakini inakataa,” alisema, na kweli faili lilikuwa limebadilika, mimi mwenyewe nililisoma mstari kwa mstari.

Tulitafuta kwa karibu saa nzima. Tukahisi kihariri kinahifadhi katika folda nyingine, hapana. Tukaikagua Makefile, faili linaloiambia make cha kujenga, herufi kwa herufi, tukihakikisha kila amri imeanza na tabo wala si nafasi za kawaida, kwa kuwa make hukataa nafasi; ilikuwa safi. Ndipo macho yangu yakaanguka kwenye kona ya chini ya skrini, palipoandikwa tarehe 1 Januari 2012.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ya kwake ilikuwa imekufa, na betri kubwa nayo haikushika chaji tena, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma miaka mingi. Make huamua cha kujenga kwa kulinganisha muda wa faili: chanzo, yaani faili uliloandika, kikiwa kipya kuliko programu iliyojengwa, hujenga, kikiwa cha zamani, huacha. Programu ilikuwa na tarehe ya Alhamisi iliyopita, na chanzo kilichohifadhiwa dakika ile kilikuwa na tarehe ya 2012, hivyo kwa hesabu ya make hapakuwa na jambo jipya. Make iliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1976, baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu iliyokwisha kusahihishwa, kumbe faili lenyewe halikuwa limepitishwa tena kwenye kompaila. Chombo kilichobuniwa kuzuia mkasa huo kilikuwa kimemletea binti yule mkasa ule ule, kwa sababu tu ya saa.

Turekebishe tarehe kwanza, nilimwambia, kisha tutoe amri ya make -B inayolazimisha kila kitu kijengwe upya. Bei mpya ikatoka. Wiki iliyofuata fundi alimwekea betri ndogo ya saa, kazi ya dakika chache. Tangu hapo, mashine yoyote ya mtumba ikiletwa kwangu naanza kwa kuizima, kuichomoa kwenye umeme, kuiacha kidogo, kuiwasha, na kutazama tarehe. Saa mbovu pia huifanya brausa idai kuwa tovuti salama si salama, na wengi hudhani intaneti imeharibika.

Kuhusu PATH nitasema machache. Hii ni orodha ya folda ambazo mashine huzipitia kwa zamu inapotafuta amri uliyoiandika. Ni sawa na mtoto aliyetumwa sukari na kutajiwa maduka matatu: hata sukari ikiwepo duka la nne, atarudi mikono mitupu, na ikiwepo katika mawili ataleta ya duka la kwanza. Ukiambiwa gcc haijulikani ilhali umeisakinisha, folda yake haimo katika orodha. Ukipata toleo usilolitarajia, andika which gcc uone ni duka lipi limefikiwa kwanza.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari la karatasi, kila amri jinsi ilivyotolewa, pamoja na tarehe na jibu la mashine. Daftari la karatasi haliungui na diski. Baada ya mwezi mmoja humpa kila mwanafunzi mashine tupu na flashi yenye vifurushi, intaneti ikiwa imezimwa, naye huyajenga mazingira yake upya kwa kufuata daftari hilo peke yake. Anapokwama, hajibiwi, anaandika pale penye pengo, na Jumamosi inayofuata anarudia. Binti wa samaki wakavu alikwama mara moja tu, kwenye -lm. Mstari wa kwanza wa daftari lake, juu ya amri zote, unasema: tazama tarehe.