Mwalimu, Wapeleke Vijana kwa Wazee wa Kaya

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mwalimu mmoja wa historia anayefundisha bara ya Kilifi. Analalamika kwamba wanafunzi wake wa sekondari hueleza Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza bila kukwama, lakini akiwauliza Kaya Fungo, msitu mtakatifu walimoishi wazee wa Kigiriama, iko wapi, hubaki wakitazamana. Ananiuliza nilifanyaje hata kikundi changu cha vijana cha Jumamosi, kinachojifunza historia ya kwetu, kikashika mizizi, na nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa sababu najua wasomaji wengi wa makala zangu wana hamu ile ile ya kuwaona watoto wa Kimijikenda wakikua huku wakijijua.

Mimi nililelewa Kaloleni na hawe wangu, yaani bibi yangu, aliyekuwa akivaa hando, sketi ya asili ya wanawake wa kwetu, hata siku za soko, na aliyejua asili ya kila mji uliotuzunguka: nani alihamia lini, kwa nini, na wa mbari, yaani ukoo, gani. Nilipoanza kufundisha nilitaka wanafunzi wangu wapate walau sehemu ya niliyoyapata kwake. Niliomba ruhusa niwapeleke kayani, nikajibiwa mbele ya walimu wenzangu kwamba huo ni ushirikina na kwamba nataka kuwarudisha watoto wa watu gizani. Maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba yananiuma mpaka leo, maana yalisemwa na mtu wa kwetu, aliyezaliwa katika jamii ile ile aliyokuwa akiidharau. Basi nikaanzia nyumbani, chini ya mwembe, na vijana wachache wa jirani.

Jambo la kwanza ninalokushauri, mwalimu mwenzangu, ni kuanza na wazee walio hai kabla ya vitabu. Mpe kila kijana daftari, umtume kwa babu au bibi yake akaulize majina ya waliomtangulia, mbari yao, na mahali walipoishi kabla ya hapo walipo sasa. Kijana aliyekuwa mzito kuliko wote katika kikundi chetu alirudi na majina ya vizazi saba vya ukoo wake, akayasoma kwa sauti mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo hakuhitaji kuhimizwa na mtu. Watakaposikia wazee wakitaja Singwaya kuwa ndiko walikotoka Wamijikenda, ndipo ramani na vitabu vifunguliwe, kwa maana sasa wana swali lao wenyewe la kutafutia jibu.

La pili ni kuwafikisha mahali penyewe. Misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zinazoambatana nayo zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hayo kijana anaweza kuyakariri darasani na yasimguse. Tulipofika Kaya Kinondo, kule Kwale, kila mmoja alifungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, tukaambiwa kwamba hakuna kinachotolewa msituni, hata kijiti kikavu. Msichana mmoja alikuwa ameokota jani bila kufikiri. Alilirudisha pale pale alipolitoa, akainama akalilaza taratibu kana kwamba lingeumia, kisha akamuuliza mzee kwa nini. Mzee alimjibu kwa muda mrefu, akieleza jinsi wazazi wa zamani walivyojenga makazi yao katikati ya msitu ili uwakinge na adui, na jinsi makatazo yale yalivyouacha umesimama wakati misitu mingine imekwisha kuwa makaa na mashamba. Hiyo ni historia na elimu ya mazingira kwa pamoja, na hakuna somo langu la darasani lililowahi kusikilizwa hivyo.

Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, kuwapinga Waingereza, wengi wanamjua kwa jina na kwa sanamu tu. Wafundishe sababu. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwadai Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi, naye akawakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kwa kiapo kilicholiwa Kaya Fungo. Alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya ile kwa baruti. Waulize vijana kwa nini dola yenye bunduki ilihangaika kulipua msitu, kisha uwaachie nafasi wajibu wenyewe.

Wapelekee pia habari ya vigango, zile nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wa heshima cha Wagiriama. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikutwa Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, na mwaka 2007 vikarudi mikononi mwa familia yao. Kikundi changu kilifuatilia safari hiyo kwa shauku kubwa, na hasira waliyoipata ilikuwa ya haki, kwa sababu waliona kwamba kilichoitwa sanaa huko ughaibuni huku kilikuwa mzee wa mtu.

Ndugu wazazi, hapa nasema nanyi pia. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine na jamaa zao wenyewe wanaoutamani urithi wa shamba, hata Kaya Godoma kule Ganze ikawa kimbilio la waliotoroka makwao. Kijana aliyeketi na babu yake akaandika maneno yake daftarini hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba mvi zake ni dalili ya uchawi. Msiwafundishe watoto kuwaogopa wazee wao. Wapelekeni kwao, tena wakiwa wadogo, na muwaache waulize.

Kwa upande wa matayarisho, mwalimu, zungumza na wazee wa kaya mapema, kabla ya likizo ya Agosti, na uende wewe mwenyewe badala ya kupiga simu. Uliza ada, mavazi, na sehemu zisizoingiwa, kwa kuwa kila kaya ina taratibu zake. Kamera zibaki mikobani mpaka wenyeji waruhusu. Wazazi wenye wasiwasi wa kidini uwaalike waje pamoja nanyi; kwetu waliokuja ndio walioomba safari ya pili. Na usikubali ziara igeuzwe kuwa maonyesho ya ngoma kwa wageni, vijana wakivalishwa, wakipigwa picha na kurudi nyumbani bila kuzungumza na mzee hata mmoja.