Wadogo zangu wa wodi ya njiti, rudieni TSH

Wiki hii nimefungua mafaili mawili ya njiti nikakuta maneno yaleyale: "TSH sawa, hakuna cha kufuatilia." Vipimo vya siku ya nne! TSH ni homoni ya ubongo inayoiamsha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni; ikibaki juu, tezi imeshindwa kazi. Nawapenda, lakini hili linaninyima usingizi. Kwetu Uganda si desturi kila mtoto kuchomwa kisigino kwa kipimo hiki. Tusipoandika sisi tarehe ya kurudia, hakuna mwingine atakayemwita.

1. Msikimbilie damu ya siku ya kwanza. TSH hupanda ndani ya nusu saa baada ya kuzaliwa, hata kupita 60, kisha hushuka. Subirini saa 48.

2. Njiti hupimwa tena. Nikiwa intani katika hospitali moja nje ya Kampala, nilipokea mtoto wa wiki 29, kilo 1.1. Siku ya tano T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa chini, TSH 5. Nilijua njiti wengi huwa hivyo, nikaandika "ni unjiti tu" nikafunga faili. Mama yake alikaa nasi wiki saba, mtoto kifuani kwa kangaruu, na kila asubuhi aliniuliza, "Musawo (daktari), mbona hapati choo?" Nikamwambia ni maziwa. Kitovu kilipotokeza, nikasema kitarudi. Walirudi wao, mtoto ana miezi mitatu: ulimi umejaa mdomoni, sauti imekwaruza, ngozi baridi. TSH ilipita 100; dalili zote zile zilikuwa za tezi. Kwa njiti TSH huweza kuchelewa kupanda, nami nilipima kabla haijapanda. Ningerudia wiki ya pili, na tena ya nne, angeanza dawa wakati ubongo wake unaihitaji zaidi homoni ya tezi. Nilimweleza mama kosa langu. Alimfunika mtoto kwa leso, akauliza, "Atatembea?" Sikuwa na jibu.

3. Levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya T4, ni maikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo, mara moja kwa siku. Sageni kidonge kijikoni na maziwa kidogo ya mama. Dawa ya chuma apewe saa nyingine.

4. Dopamini na steroidi hushusha TSH. Iodini tunayopaka hupenya ngozi ya njiti na kuzima tezi. Ziandikeni failini.

Mmoja wa wale wawili anatimiza wiki mbili Alhamisi. Damu yake itoke kabla ya raundi; mama yuko kitanda cha mwisho, karibu na dirisha.